Goli la Kukata kwa Jicho

Wako watu wanaojiamini, na yuko Bila Futi. Jina hilo alijipa mwenyewe, maana hakuna mwingine aliyeona haja ya kumpa. Alikuwa mkataji katika karakana ya ushonaji, na kwa miaka kama kumi na miwili hivi alikuwa hajagusa futi, ule utepe wa kupimia. Mteja akiingia, alimtazama kutoka shingoni hadi kwenye ndara, akafumba jicho moja, akasema, "Nimeshakuona," na mkasi ukaanza kazi. Nguo ikitoka imebana, mteja ndiye aliyenenepa. Ikipwaya, mteja ana mawazo, kakonda. Dada yake, aliyekaa kwenye cherehani ya pili kutoka mlangoni, ndiye aliyekuwa akifumua na kushona upya, kimya kimya, na sifa zikaenda kwa kaka mtu.

Mwaka huo binti yake wa pekee alikuwa anaolewa. Kitambaa cha gauni kilikuwa juu ya kabati, kimekunjwa ndani ya karatasi, na Bila Futi alikitamani kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote. Alitaka binti akiingia ukumbini watu waulize ni mkono wa nani ule. Lakini binti alitaka akate shangazi. Alishindwa kusema kwa nini, akabaki kuzungusha maneno mpaka baba akakasirika.

"Tusibishane, mama," akamwambia. "Jumapili tunacheza na wachomeleaji. Tukishinda, nakata mimi. Tukishindwa, kitambaa mpe shangazi yako."

"Jamani baba, gauni na mpira wapi na wapi?"

"Jicho ni lile lile."

Alisema hivyo kwa sababu hakuona hata njia moja ya kushindwa. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wake.

Mechi ya mafundi cherehani na wachomeleaji wa ng'ambo ya barabara ilichezwa kila mwaka, na mshindi hakupata kitu zaidi ya haki ya kuwacheka wenzake hadi mwaka unaofuata. Uwanja ulikuwa na goli moja la chuma, kazi ya wachomeleaji wenyewe. Goli la upande wa pili lilikuwa la miti, na mvua ilikuwa imeliangusha. Bila Futi akajitolea kulisimamisha. Akajitolea pia kushona bukta za timu. Mtu kama huyo hajui kujitolea kwa jambo moja.

Kipa wa wachomeleaji, mtu mpole mwenye makovu ya cheche mikononi, alimkuta akichimba shimo la mti wa pili.

"Fundi, tupime kwanza. Lilingane na lile la kwetu."

"Futi ni miwani ya wasioona," Bila Futi akajibu, akafumba jicho moja, akashindilia udongo kwa kisigino.

Kipa alitazama mti ule, akatazama goli la chuma kule mwisho, akaenda zake. Yeye alijiamini pia, ila hakuwa na haja ya kumtangazia mtu.

Haki itendeke: penalti Bila Futi alizijua. Wiki tatu mfululizo, kila jioni akitoka kazini, alipiga mipira kwenye goli la chuma, chini kulia, sentimita chache kutoka kwenye nguzo. Hakukosa hata mmoja. Tatizo ni kwamba alizoea goli hilo, na hakukumbuka kwamba kuna lingine, la mkono wake mwenyewe.

Jumapili ilifika. Bukta zilikuwa kama unavyodhani. Mshambuliaji alikimbia kwa hatua fupi fupi kwa kubanwa mapaja, na beki wa kati alicheza dakika zote tisini ameshika kiuno, si kwa maringo bali kwa tahadhari. Hata hivyo walikaribia mwisho wakiwa sare, bao moja kwa moja. Dakika za mwisho kabisa mchomeleaji mmoja akaushika mpira ndani ya eneo la hatari, na mwamuzi akapuliza penalti. Kipindi hicho cha pili mafundi cherehani walikuwa wanashambulia goli la miti.

Bila Futi aliuchukua mpira bila kumuuliza mtu. Akamtafuta binti yake kando ya uwanja, akamwonyesha vidole viwili kama mkasi. Hata mgeni angemwonea aibu. Akapiga chini kulia, shuti safi kabisa, na mpira ukapita nje ya mti kwa shibiri moja. Kipa hakuwa amejisumbua hata kuinama. Akauchukua, akaupiga mbele, beki akakiachia kiuno ili auwahi mpira, bukta ikashuka, na wachomeleaji wakafunga la pili.

"Goli limehamishwa!" Bila Futi akapiga kelele. "Limepunguzwa hili!"

Dada yake aliingia uwanjani akiwa na futi shingoni, akapima la miti, akavuka uwanja mzima, akapima la chuma. Akarudi.

"La kwako ni dogo kwa inchi kumi na nane, kaka."

Kicheko kilichoanguliwa pale hakina haja ya kusimuliwa. Kilimstahili, chote.

Siku ya pili shangazi alikitandaza kitambaa mezani, na binti akasimama mbele ya kioo cha karakana. Bila Futi alipewa kalamu na daftari, aandike.

"Kiuno," shangazi akasema, akizungusha futi.

"Ishirini na nne," Bila Futi akawahi.

"Thelathini. Bega?"

"Kumi na tatu na nusu."

"Kumi na tano na nusu."

Hakuandika. Alitaka kusema futi imevutika, maana hata futi huvutika, lakini binti alikuwa akimtazama kupitia kioo, wala hakuwa anacheka.

"Hivyo vipimo ni vya nilipokuwa shule, baba," akasema. "Vya zile sare ulizonikatia."

Bila Futi akamtazama binti yake, kwa macho yote mawili. Alikuwa mwanamke mzima, mpana wa mabega kama marehemu mama yake, na hakujua amekuwa hivyo tangu lini.

"Rudia hilo la kiuno," akamwambia dada yake, akainamia daftari.