Birika Langu la Maji ya Moto

Jamani, nichekeni tu. Asubuhi ile huku ughaibuni, hapa Riverdale Park, mteremko wa kuingia shuleni uliganda barafu, na mtu wa kumwaga chumvi ya kuyeyushia barafu alikuwa hajafika. Mimi mwalimu wa zamu, mzaliwa wa milima ya baridi ya Limuru, baridi ningeogopa ya nini? Nikachemsha maji, nikamwaga. Barafu ikayeyuka. Nikajipiga kifua: "Chumvi ya kazi gani?"

Nikaenda kuchemsha birika la pili. Huku nyuma, yale maji yakaganda yakawa kioo.

Narudi mlangoni, namwona mwalimu mkuu, mama mwenye heshima zake, anateleza kwa makalio mpaka miguuni pangu. Mzima, ila kakasirika.

"Nani kamwaga maji hapa?"

Nikaficha birika mgongoni. Mvuke ukapanda juu ya kichwa changu.

Watoto waliojipanga juu ya mteremko wakashangilia: "Mwalimu, ongeza!"