Verlyn na Gari Lililozama Ziwani

Verlyn Tollefson aliwanyoa wanaume wa Kessler, mji mdogo wa kaskazini mwa Minnesota, mpaka mikono ilipoanza kumtetemeka akafunga duka. Mikono ilistaafu, mdomo ukakataa. Mtu aliyezoea kuichambua dunia nzima huku mkasi ukilia sikioni mwa mteja hawezi kukaa kimya jikoni akitazama theluji. Mkewe alishamwacha miaka mingi nyuma, akaenda kuishi na dada yake Arizona, kwa hiyo hata wa kumnung'unikia hakuwa naye. Basi akanunua simu kubwa, akajiunga na ukurasa wa mji mtandaoni, ule unaoweka habari za Kessler pamoja na za dunia, na maneno yote aliyokuwa akiwamwagia wateja akawa anayamwaga humo.

Hapakuwa na jambo lisilomhusu. Seneta mmoja alilia mbele ya kamera, Verlyn akaandika: "Vitunguu vilivyopanda bei hivi, huyu kavipata wapi?" Mwimbaji wa kike aliolewa mara ya nne, akaandika kwamba sasa wapambe wa harusi wapewe ajira ya kudumu. Kocha wa shule alipofukuzwa, mgahawa ulipofungwa, binti wa meya alipojaza midomo kwa sindano, watu walikuwa wakishuka chini ya habari kutafuta Verlyn kasemaje. Alikuwa hodari, tusimnyime haki yake. Ila kinyozi dukani ana kioo mbele yake, anaona uso wa mteja unapobadilika, naye anajua pa kukomea. Simu haina kioo hicho, na Verlyn hakuonekana kukikumbuka.

Rafiki aliyembakia alikuwa mmoja, Duane Haapala, aliyefanya kazi kiwanda cha mbao mpaka mgongo ukamkatalia. Walijuana tangu wakiwa wavulana wa kuibiana soksi za hoki. Verlyn alikula kwa Duane na mkewe Marlys kila Jumapili, alikula kwao Krismasi, na alipougua mapafu ni Marlys aliyempelekea supu na kumtukana ndio ainywe. Ukimwondolea nyumba ile, Verlyn hakuwa na watu. Alikuwa na mashabiki tu.

Mwezi wa tatu ukaingia, mwezi ambao vibanda vya kuvulia samaki, vinavyosimamishwa juu ya ziwa lililoganda, lazima viondolewe kabla barafu haijaoza. Kila mtu alikokota chake kwa gari. Cha Duane kikabaki peke yake katikati ya weupe ule, kwanza kwa sababu ya mgongo, kisha kwa sababu gari lake lilikuwa kwa fundi. Verlyn hakuweza kujizuia. Alikipiga picha, akaiweka kwenye ukurasa na kuandika: "Duane Haapala kakiacha makusudi. Siku Marlys akimtimua, ana pa kulala."

Mji ulicheka wiki nzima. Duane aliulizwa kituo cha mafuta, akaulizwa duka la vifaa vya ujenzi, akaulizwa kanisani wakati wa kahawa. Mwishowe akaja jikoni kwa Verlyn, akakaa bila kuvua koti.

"Bwana wee, hata mchungaji kaniuliza kama nimeshahamia."

"Si umeona walivyocheka? Hiyo imepita zote za mwaka huu!"

"Nimeona. Sasa inatosha, Verlyn. Ifute."

"Ha! Mzee mzima unanuna? Katoe kibanda, nami nafuta siku hiyo hiyo."

"Barafu imelainika. Kando kule unaona maji."

"Basi sema unaogopa, niwaandikie hilo."

Duane alicheka, lakini kicheko chenyewe kiliishia midomoni. Alikunywa kahawa nusu kikombe, akasema anakwenda kuangalia kama fundi amemaliza breki za gari lake, akaondoka. Na hapa ndipo mimi ninapomlaumu Verlyn, maana aliona. Aliuona uso wa rafiki yake waziwazi kama zamani kwenye kioo cha dukani, kisha akashika simu kuona nani mwingine kamjibu.

Asubuhi ya Alhamisi ukurasa uliweka picha ya ziwa. Kulikuwa na tundu jeusi kwenye barafu, na kitako cha pikapu nyeupe kikichungulia majini. Maneno yalikuwa machache: gari limezama, waokoaji wamefika, hali ya dereva haijajulikana. Ieleweke kwamba karibu kila mwaka gari la mtu huzama ziwani Kessler, na kila mwaka mwenyewe hutoka ameloa chapachapa, akilaani, na kumcheka ni sehemu ya msimu. Verlyn mwenyewe alishawacheka watatu, na mmoja wao alimnunulia bia baadaye. Alikuwa na yai kwenye uma. Akauweka chini, akaandika:

"Kachoka kungoja samaki wale chambo, kaamua kuwafuata nyumbani kwao."

Vicheko vikamiminika. Verlyn akamaliza yai lake kwa raha zake. Mpaka saa sita mchana alikuwa akihesabiwa bingwa, na kitu kimoja tu kilimkera, kwamba Duane hakuwa amecheka. Duane alikuwa wa kwanza siku zote, hata kwa utani mbovu. "Bado kanuna," Verlyn alijisemea. Akampigia, simu haikupokelewa. Baada ya chakula alivaa buti, akatoka kwa miguu kwenda kumchokoza mwenyewe uso kwa uso.

Nje ya nyumba ya akina Haapala palikuwa na gari la polisi wa wilaya. Gari la Duane, lile la bluu, halikuwapo. Mchungaji alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, kichwa wazi kwenye baridi ile.

"Verlyn," alisema, "ni Duane."

"Duane kafanya nini?"

"Gari lake bado liko kwa fundi. Walimwazima pikapu ya gereji, ile nyeupe. Alitoka alfajiri, akamwambia Marlys anakwenda kununua mkate. Wapiga mbizi wamemtoa mchana huu."

Verlyn alishika nguzo ya baraza. Alitaka kuuliza kama wana hakika, kisha akaona jinsi mchungaji alivyokuwa akimtazama, akaelewa kwamba mchungaji naye amesoma. Mdomo huponza kichwa, wahenga walisema, lakini mdomo wa Verlyn ulikuwa umeponza kichwa cha mwingine.

Jikoni kulikuwa na wanawake wawili wa kanisani, na mezani mabakuli ya viazi na nyama ya kusaga yaliyofunikwa kwa karatasi ya bati, kama desturi ya msiba inavyotaka. Marlys alikuwa amekaa na aproni yake ya asubuhi. Hakuwa analia.

"Shemeji," Verlyn alianza.

"Leo usiniite shemeji. Kaa hapo."

Akakaa. Marlys akamsukumia simu yake juu ya meza.

"Soma."

"Marlys, nakuomba..."

"Soma kwa sauti. Ulitaka mji mzima ukusikie, sasa sisi watatu tumekuwa wengi?"

Verlyn akasoma. Alipofika kwenye samaki, sauti ilikatika, akalazimika kurudia. Wale wanawake walitazama sakafu.

"Haya. Sasa tazama waliocheka," Marlys alisema. "Tafuta jina langu."

Alitafuta. Lilikuwapo, karibu na juu kabisa: Marlys Haapala, na kile kikatuni cha manjano kinachocheka mpaka machozi.

"Nilikuwa nimesimama hapo kwenye jiko, nangoja mkate. Picha sikuitazama, nimesoma maneno yako tu, nimecheka mpaka nimeshika meza. Nikasema Duane akirudi nitamsomea, itamtoa kinyongo. Mume wangu yuko chini ya barafu, Verlyn, na mimi huku nacheka."

Mmoja wa wale wanawake alianza kulia. Marlys hakugeuka.

"Naifuta," Verlyn alisema. "Naifuta sasa hivi, Marlys. Mungu wangu, naifuta."

"Ukifuta umejifutia wewe. Mimi cha kwangu nikifute na nini?" Aliivuta simu ya Verlyn kutoka mfuko wa koti lake, akamwekea mkononi. "Polisi hawajatangaza jina. Kwenye msiba wa kila mtu wewe ndiye wa kwanza kusema. Na huu sema wewe. Waambie ni nani, na alikwenda huko kufanya nini, na kwa nini alikwenda alfajiri wakati watu wamelala."

Verlyn akaishika simu. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Mtu aliyekuwa akipata maneno na yai mdomoni sasa alitafuta sentensi tatu kama anayeng'oa misumari. Hatimaye aliandika: "Aliyezama ni Duane Haapala, rafiki yangu. Aliniomba nifute utani wangu juu ya kibanda chake, nikamwambia anaogopa. Alikwenda kukitoa, na amekufa."

Marlys alisoma mara mbili. Akaitikia kwa kichwa, akabonyeza kutuma yeye mwenyewe.

Simu ilikuwa bado mkononi mwa Marlys ilipolia. Verlyn akachungulia. Kilikuwa kikatuni cha kucheka. Kikaja cha pili, kisha vikaja vingi pamoja, na mtu mmoja akaandika: "Huyu mzee atatuua!"

"Hawajasoma," Verlyn alisema. "Wameona jina langu tu, Marlys. Haki ya Mungu hawajasoma."

"Waambie, basi."

Aliichukua simu, akaandika kwa herufi kubwa: "HUU SI UTANI." Hiyo ndiyo waliyoicheka kuliko zote. Marlys alitazama vile vikatuni vikipanda mpaka alipoona vinatosha, akainuka na kwenda kufungua mlango, akaushika wazi, baridi ikiingia ndani, mpaka Verlyn alipopita.