Mwingereza wa Bunda

Siku yangu ya kwanza kazini niliwazamisha ng'ombe wote wa Mkoa wa Mara.

Nilikuwa nimeajiriwa mtafsiri katika ofisi ya habari pale Musoma. Asubuhi hiyo niliwekewa mezani tangazo la Kiingereza kutoka kwa watu wa mifugo, nilitafsiri ili lisomwe kwenye gari la matangazo. Lilisema ng'ombe wapelekwe kwenye josho, yaani ule mfereji wa dawa ya kuulia kupe. Josho nilikuwa nalijua tangu utoto, kwani baba yangu alikuwa mfugaji. Lakini nilikuwa nimetoka shule juzi na nilitaka kuonyesha Kiswahili cha vitabuni, nikaandika kwamba ng'ombe wote watazamishwa Jumatatu bila kukosa.

Mhariri Mkuu, bwana mfupi asiyevua kaunda suti, alisoma karatasi yangu. Aliinuka, nikamfuata mpaka getini. Alikuwepo mlinzi, mzee wa Kikurya mwenye ng'ombe wake mwenyewe nyumbani.

"Msomee," Mhariri Mkuu akaniambia.

Nikasoma. Mlinzi akalishika rungu lake vizuri. "Watazamishwa? Kwa kosa gani?"

"Umesikia?" Mhariri Mkuu akasema. "Huyu ndiye mwenye neno. Wewe unampelekea tu. Neno lolote unalolitilia shaka, kabla halijatoka, lilete hapa ulipime kwa watu watatu. Usiwaulize kama wamelipenda. Waulize wamesikia nini."

Kazi hiyo tuliiita kupima getini, na nimeifanya miaka mingi kuliko umri wa nyinyi wengi mnaoshika vipaza sauti leo. Lilipokuja neno ubinafsishaji nililipeleka getini. Muuza karanga akaniuliza kama serikali sasa inafundisha watu ubinafsi. Nilirudi mezani, nikaandika kwa maneno mengi kwamba viwanda vya umma vitauzwa kwa watu binafsi. Habari ikawa ndefu, lakini ikaeleweka. Kuhusu ubinafsi, leo hii sina hakika kama muuza karanga alikosea.

Baadaye nilihamishiwa Bunda, chini ya Afisa Habari wa Wilaya, mtu aliyeipenda ofisi yake kiasi kwamba vijijini alivijua kwa ramani tu. Mimi ndiye niliyekwenda. Misimu ya pamba nilishinda kwenye vituo vya kununulia nikisoma matangazo ya mbegu na dawa za wadudu, na huko ndiko nilikomfahamu Mzee Mafuru, mkulima wa pamba, mrefu, mwenye tabia ya kusikiliza tangazo mpaka mwisho ndipo aulize. Nikisoma vibaya alinirudisha mbele ya watu. Nikisoma vizuri alitingisha kichwa mara moja, basi. Kwangu kile kichwa kilikuwa na uzito kuliko barua yoyote ya Afisa Habari wa Wilaya.

Nilipita na Butiama miaka miwili, kisha redio moja ya pale Musoma ikanichukua niwe mtafsiri wa habari za nje. Hapo ndipo nilipomalizia kazi, na hapo ndipo nilipoiharibu.

Mkubwa wangu wa mwisho alikuwa Mkuu wa Vipindi, kijana anayelingana na kitinda mimba wangu. Sitasema alikuwa mjinga, kwa sababu hakuwa. Alijua mitambo, alijua kuvuta matangazo ya biashara, na alinisalimia kwa heshima kila asubuhi. Alichokosa ni subira. Habari kwake ilikuwa kitu cha kuchangamsha, na isipochangamsha aliichangamsha yeye.

Mwaka ule Waingereza walikuwa kwenye kizaazaa chao cha kutoka katika muungano wa nchi za Ulaya. Walikuwa wamepiga kura watoke, halafu wakashindwa kupatana watoke vipi. Waziri Mkuu mmoja alichoka akaachia ngazi, akaingia mwingine, na huyu mpya akaahidi kwamba watatoka tu, makubaliano yawepo yasiwepo. Mimi nikaandika: Waziri Mkuu mpya wa Uingereza asema yuko tayari nchi yake itoke bila makubaliano.

Mkuu wa Vipindi akafuta neno la mwisho na kuandika dili. Bila dili.

"Makubaliano ina silabi sita, Mama," akasema. "Dili mbili. Na sisi ni redio ya mtaa."

"Dili mtaani ni kitu kingine."

"Wataelewa."

"Ngoja nikapime getini."

Alicheka, bila ubaya. "Geti gani Mama? Getini kuna kamera siku hizi. Na saa mbili hiyo hapo."

Nikaingia studio, nikasoma. Sauti iliyosema bila dili ilikuwa yangu.

Huku kwetu hakuna asiyejua dili ni nini. Ni ule mpango wa pembeni, wa wachache kula kwa kujificha, na mpiga dili si mtu wa kumwachia funguo za nyumba. Mimi nililijua hilo wakati nasoma. Nilijiambia si jambo kubwa, Uingereza ni mbali.

Baada ya taarifa ya habari nikapewa gari na kinasa sauti nikakusanye sauti za mtaani. Hiyo ni kazi ya kuwasimamisha watu, kuwauliza swali moja lile lile, kisha kukata majibu kuwa vipande na kuviunga. Swali langu lilikuwa: unasemaje kuhusu Waziri Mkuu mpya wa Uingereza anayetaka kutoka bila dili?

Nilianzia Mwisenge, kwa mama mmoja mkaanga samaki. Alifuta mikono kabisa kabla ya kusema. "Huyo sasa ndo kiongozi! Anatoka bila dili! Huku kwetu mtu akitokaga ofisini anatokaga na dili, na pazia pia anabeba. Ila niulizie, wakishatoka huko watakuwa bado wanakulaga sangara wetu?" Bodaboda mmoja wa Bweri, aliyekuwa akingoja abiria, akadakia: "Aje agombee huku. Bweri nzima tunampa."

Nilicheka nao. Kusema kweli ilikuwa asubuhi nzuri.

Butiama nikamkuta mkuu wa shule mstaafu, tuliyefahamiana tangu nilipofanya kazi kule. Hakucheka. "Mama Nyangeta, watu mmewalisha nini asubuhi?" akaniuliza. "Dili ya Waingereza ni mapatano tu. Huyo bwana anasema wataondoka hata kama hawajaelewana na wenzao. Hilo si jambo la kushangilia, ni la kuogopa kidogo. Watu wanamsifia kwa kitu ambacho hajakisema."

Nilipiga simu redioni pale pale, nikiwa nimesimama kando ya gari. Nikamweleza Mkuu wa Vipindi kwamba neno limepotosha, inabidi tubadilishe swali na turekebishe habari ya mchana.

Akaanza kucheka. "Mama, umepata dhahabu halafu unataka kuitupa? Leta hivyo hivyo. Watu watavunjika mbavu."

Nilikuwa nimebakiza miezi minne nistaafu. Nimejitafutia sababu nyingine miaka yote hii, na sijaipata. Nikapanda gari, tukaenda Bunda.

Mzee Mafuru nilimkuta nje ya kituo cha kununulia pamba, amezeeka lakini bado mrefu. Alinitambua kwa sauti kabla ya sura. Ilikuwa imebaki nafasi ya mimi kusema makubaliano. Nilisema dili.

Alifikiri kwanza, kama kawaida yake. "Hiyo habari nimesikia asubuhi. Kwa sababu umesoma wewe, nimeamini. Sasa mimi nasema hivi. Kama mkubwa wa Uingereza ameweza kusimama akasema yeye hataki dili, katibu wetu wa chama cha ushirika anashindwaga nini? Hii mzani yake inasomaga chini kila msimu. Kila msimu! Tunajua wote, tunanyamazaga. Yule Mzungu hakunyamaza. Na mimi leo sinyamazi."

Wakulima waliokuwa wamesimama pale waliangalia chini. Mmoja akasogea pembeni kabisa.

Nilizima kinasa, nikamshukuru, na yeye akatingisha kichwa mara moja.

Kipindi kilirushwa Jumamosi. Mkuu wa Vipindi alikihariri mwenyewe, akaanza kwa kueleza maana halisi ya neno, kisha akaweka sauti za mtaani moja baada ya nyingine, na kila mtu akimaliza kusema, kilifuata kicheko cha kwenye kompyuta. Mzee Mafuru alikuwa wa mwisho. Alipofika kwenye "na mimi leo sinyamazi," kicheko kikawa kirefu.

Jumatatu katibu wa ushirika alikuwa ofisini kwetu na barua ya malalamiko. Jumanne nikakabidhiwa karatasi ya kusoma hewani: redio inamwomba radhi Katibu kwa usumbufu uliotokana na mkulima kutoelewa neno. Nilimwambia Mkuu wa Vipindi kwamba mkulima ameelewa sawasawa neno tulilompa. Tusipomwomba radhi na yeye, basi angalau tuseme kosa ni letu.

"Mama, tusirefushe," akasema.

Sikurefusha. Nilisoma kama ilivyoandikwa, kwa sauti ile ile aliyokuwa ameiamini Mzee Mafuru.

Yaliyotokea kijijini niliyapata baadaye kwa dereva wetu, ambaye ni mtu wa huko. Ushirika uliitisha mkutano. Mzee Mafuru alisimama akasema aliyosema, na akaongeza kwamba Uingereza wenyewe wameanza kukataa dili. Katibu akamsomea ile karatasi yetu ya kuomba radhi. Wanachama walicheka, wengine kwa kuogopa, lakini walicheka. Mzee Mafuru akafutwa uanachama kwa kuchafua jina la kiongozi, na pamoja na uanachama zikaenda mbegu na dawa, maana bila kadi ya ushirika hakuna wa kukupa. Jambo moja halikufanyika. Hakuna mtu aliyekwenda kuupima ule mzani. Mimi nilikuwa na kipaza sauti na gari la ofisi, na sikwenda kuuliza.

Sherehe yangu ya kustaafu ilikuwa na keki. Nilipewa cheti cha utumishi uliotukuka na saa ya ukutani, na Mkuu wa Vipindi alisema kwa hotuba ndefu kwamba mimi ni kamusi inayotembea. Watu walipiga makofi. Nilikaa pale na koti langu jipya nikiwa na hasira ambayo sikujua nimwelekezee nani, na nilipofika nyumbani Buhare nikajua.

Wiki hiyo hiyo nilipanda basi kwenda Bunda. Nilishuka stendi, nikamwomba bodaboda anipeleke kwa Mzee Mafuru. Hakumjua. Nikamtajia kijiji, nikamwambia ni mzee mrefu, mkulima wa pamba.

"Aaa, Mwingereza!" akasema. "Si ungesema, Mama. Panda."

Shamba lililokuwa la pamba lilikuwa na mihogo. Mzee alitoka ndani, akanipokea mkoba, akaniletea kiti, akamwita mkewe alete uji. Alinitendea kama mgeni wa heshima, na hilo ndilo lililonishinda. Nikaanza kulia kabla sijasema nilichokwenda kusema.

"Kunywa uji kwanza," akasema.

Nikanywa. Kisha nikamweleza yote, tangu lile neno lililofutwa. Yeye alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Kwa hiyo yule Mzungu kweli hakusema? Mimi nilidhani ile karatasi yenu ni ya kumlinda Katibu tu."

"Hakusema, mzee. Alikuwa anaongea mambo yao mengine kabisa."

"Na wewe siku ile umekuja na ile mashine yako, ulikuwa unajua?"

Ningeweza kudanganya. Isingejulikana kamwe. "Nilikuwa najua," nikasema. "Niliambiwa Butiama, nikanyamaza."

Aligeuka akatazama mihogo yake. Nilidhani atanifukuza, na ningeshukuru angefanya hivyo.

Nyinyi vijana mnaniulizaga kazi hii inataka nini, nami nimezoea kuwajibu habari za matamshi na sarufi. Leo nimewaandikia jibu la kweli, maana bado nasikia kila jioni maneno yakitoka bila kupimwa, na kicheko cha kompyuta kikifuata. Sina cha kuwaongezea zaidi ya alichosema Mzee Mafuru alipogeuka kunitazama.

"Miezi yote hii nilikuwa najipa moyo," akasema, "kwamba tuko wawili. Mimi hapa na yule wa Uingereza. Kumbe nilisema peke yangu."

Akachukua bakuli langu, akaangalia kama nimemaliza, akampelekea mkewe ndani.

Hakutingisha kichwa.