Nuksi Haivuki Maji

Kamati ya timu haikuwahi kuja nyumbani kwangu. Mambo yetu tulikuwa tukiyamaliza uwanjani, tumesimama, mara nyingi kwa makelele. Kwa hiyo siku ile nilipomwona mwenyekiti anapiga hodi pamoja na wenzake wawili, kisha wanaketi mkekani kwa adabu na kuulizia afya ya mke wangu, nilijua wamekuja kunifukuza. Nikawatilia kahawa, nikangoja.

“Mwalimu,” akasema mwenyekiti, “usitufahamu vibaya. Sisi hatuna neno nawe. Kazi yako twaiona. Lakini nyota yako imefunikwa.”

Mwenyekiti ni mtu mzima wa hapa hapa Likoni, fundi wa kushona kanzu, mpole, asiyependa kumvunjia mtu heshima. Neno lenyewe alikuwa analizungukia. Mwenzake mmoja, ambaye hana subira, akalitaja: nuksi. Watu wanasema kocha ana nuksi.

Tulikuwa tumebakiwa na mechi moja. Tukipata hata sare, tunabaki kwenye ligi. Tukifungwa, tunashuka, na timu ikishuka ndiyo imekufa, kwa maana tajiri wa duka la saruji na mabati aliyekuwa akitununulia jezi alishasema hana haja na timu ya daraja la chini. Mimi nilikuwa naifundisha timu ile tangu kiwanda cha Changamwe kiliponipunguza kazini. Sikuwa na jambo jingine la kuniamsha asubuhi. Watoto walishaoa na kuolewa, mke wangu ana biashara yake ya vitambaa, na mimi nilikuwa na wale vijana na uwanja wao wa vumbi. Timu ikifa, nitabaki mtu wa kukaa kibarazani kuhesabu wapita njia.

“Twakuomba jambo moja tu,” mwenyekiti akaendelea. “Jumamosi uvuke feri, ukae ng'ambo mpaka mpira umalizike. Nuksi haivuki maji. Wazee wetu walitwambia.”

Nilitaka kucheka, lakini uso wangu ulikataa. Nikamuuliza, “Na yule wa Changamwe mwenye nyota? Akivuka maji kuja huku, nyota yake haitazama?”

“Nyota haizami,” akanijibu bila kutabasamu. “Na hata hivyo wao watapitia Dongo Kundu, juu ya daraja.”

Yule wa Changamwe ndiye tuliyekuwa tunakutana naye Jumamosi, na ndiye rafiki yangu wa miaka mingi. Tulicheza pamoja timu ya kiwanda, mimi beki, yeye mshambuliaji. Mabao yake yalikuwa ya ajabu. Mpira ulimgonga gotini ukaingia, ulimgonga kisogoni ukaingia, na siku moja alikuwa ameinama kufunga kamba ya kiatu ukamgonga mgongoni ukaingia pia. Alipokuwa kocha mambo hayakubadilika. Timu yake ikiwa nyuma kwa mabao matatu, mvua ilinyesha mpaka mechi ikavunjwa, na iliporudiwa wakashinda. Kipa wake aliupiga mpira kutoka langoni kwake, upepo ukauchukua, ukadunda mara moja mbele ya kipa wa watu na kumpita juu ya kichwa. Mimi nilikuwepo. Nilimwona rafiki yangu amekaa juu ya kreti ya soda, anatafuna muhogo wa kuchoma, hata hakusimama.

Mimi je? Mshambuliaji wangu bora alipata kazi bandarini siku moja kabla ya nusu fainali. Nilimpa mkono wa hongera huku machozi yananilenga. Kipa wangu alishikwa na tetekuwanga akiwa mtu mzima mwenye ndevu. Tulipata penalti dakika ya mwisho, mpigaji akateleza, mpira ukaenda pole pole mikononi mwa kipa kama mtoto anayerudishwa kwa mamake. Na mimi ndiye niliyekwenda kozi ya ukocha. Mimi ndiye ninayepanga vizibo vya soda juu ya meza kama wachezaji mpaka mke wangu anavifagia. Rafiki yangu huwaambia wachezaji wake, “Chezeni, riziki haina mwenyewe,” basi, mafunzo yamekwisha.

Kijiweni kwa muuza kahawa, karibu na uwanja, tulilinganishwa kila jioni kama wanavyolinganishwa makocha wa Ulaya. Walianza na wale wa kwenye runinga, nani ana akili na nani amebebwa na pesa, kisha wakatua kwetu. Mmoja akisema mimi najua mpira, mwingine anamjibu kuwa kujua si kupata. Nilikuwa nabishana nao. Niliamini bahati ni kisingizio cha mvivu, na nilikuwa nasema hivyo kwa sauti kubwa, hata mbele ya rafiki yangu. Yeye alicheka tu. “Ndugu yangu,” aliniambia siku moja, “wewe waujua mpira kuliko mimi. Lakini mpira wenyewe haukujui.” Hakusema kwa kiburi. Ingekuwa kiburi ningemchukia, nikapumzika.

Niliwaambia kamati nitavuka. Ningefanya nini? Ningekataa halafu tufungwe, ningeulizwa hadi kaburini. Nikamwachia nahodha kikosi na maelekezo yote: beki wetu wa kushoto asipande, mrefu wao asiachwe peke yake, mpira uchezwe chini. Mke wangu, ambaye hajawahi kutazama mechi nzima maishani mwake, akasema atakwenda yeye uwanjani kwa niaba yangu.

“Utanipigia simu?” nikamuuliza.

“Hawakusema simu haivuki maji,” akasema, akafunga leso yake vizuri, akaenda.

Jumamosi nikateremka hadi feri pamoja na watu waendao na shughuli zao. Nilivuka nikiwa nimevaa jezi ya timu ndani ya shati, jambo ambalo sikumwambia mtu. Ng'ambo nikatafuta kiti cha saruji pale mbele ya bahari wanapopunga upepo watu wa mjini na watoto wao, nikakaa kuitazama Likoni. Uwanja hauonekani kutoka pale. Ninaona mapaa na minazi, na feri inayokwenda na kurudi.

Sitaficha yaliyokuwa moyoni mwangu. Nilikuwa naomba tushinde. Lakini nilijua pia kwamba tukishinda nami niko hapa, basi imethibitika, mimi ni nuksi, na miaka yote ile ya vizibo na kozi ilikuwa mzigo waliokuwa wanaubeba wale vijana. Na tukifungwa, timu imekufa, lakini mimi ni mzima. Mtu aombe nini hapo? Nilianza dua nikaikatisha, nikaianza tena. Mwishowe nikamwachia Mungu achague.

Kipindi cha kwanza mke wangu alinipigia mara moja tu. “Wamekimbia sana,” akasema. “Yule mrefu wao ameanguka, amenyanyuka.” Nikamuuliza matokeo. “Hakuna kitu.”

Kipindi cha pili hakijakolea, akapiga tena, na kabla hajasema neno nilisikia kelele za watu wetu, ninazijua. Tumefunga. Moja bila. Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Machozi yalinitoka mbele ya watoto wa watu. Nilifurahi, wallahi nilifurahi, na ndani ya furaha ile kulikuwa na kitu kinaniambia, umeona sasa?

Hapo nikashindwa kukaa. Nilijiambia tunaongoza, timu imetulia, kuna ubaya gani nikifika dakika za mwisho na kusimama mbali nyuma ya watu? Nilitaka kuwaona. Ni mimi niliyewafundisha kutulia vile. Nikaingia feri.

Tulipokuwa tunashuka upande wa Likoni, simu ikalia. “Wamerudisha,” mke wangu akasema. Nikaendelea kupanda kile kilima cha feri, nikijiambia moja moja ni sare, na sare inatutosha. Sijafika juu barabarani, ikalia tena. Safari hii alikuwa analia. “Mbili. Wametufunga la pili. Kipa wenu ameutema mpira mguuni pa mtu. Uko wapi wewe?”

Nikaikata simu. Watu waliokuwa wanapanda nyuma yangu walinipita, mwingine akanisukuma bega akaniambia samahani mzee. Mimi niliyebishana kijiweni miaka yote, mwenye cheti cha ukocha kilichotiwa fremu ukutani, nilisimama pale nikahesabu. Nikiwa ng'ambo, tunaongoza. Nimekanyaga Likoni, mawili. Mfa maji haachi kutapatapa. Nikageuka, nikaanza kuteremka.

Huwezi kurudi ulikotokea. Walinzi wa feri hawaruhusu, lazima uzunguke uingie banda la kungojea na wenzako, na geti lifunguliwe feri ikifika. Nikakimbia kuzunguka. Banda lilikuwa limejaa. Geti limefungwa, feri iko katikati ya mkondo inakuja kwa mwendo wake wa siku zote, na kule uwanjani, nyuma yangu, wale vijana wanazama kwa sababu mimi nimesimama kwenye ardhi yao. Nilianza kupenya. “Samahanini, nina mgonjwa,” nikasema. “Nina mgonjwa mahututi.” Watu wakanipisha. Mama mmoja akanishika mkono akasema Mwenyezi Mungu amponye, nami nikaitikia amina, na ile amina nilikuwa nimeikusudia. Nikafika kwenye vyuma vya geti nikavishika kwa mikono miwili. Nikamwambia mlinzi afungue. Akaniambia mzee, feri haijafika, utaingia wapi, baharini? Kama angenifungulia, sina hakika nisingeingia.

Ilifika. Magari yakashuka, watu wakashuka, geti likafunguliwa, nikawa wa kwanza kuingia, nikaenda mpaka mbele kabisa kama vile kusimama mbele kutaniwahisha. Magari yalipakiwa. Lori moja likawa linajipanga na kujipanga upya. Nilikuwa nasema kwa sauti, twende, twende, twende, na mtu aliyekuwa karibu yangu akamvuta mtoto wake kando.

Mlango wa chuma wa feri ukapandishwa. Tukaachana na ardhi. Nikaishika simu usoni pangu nikaitazama mpaka ikalia.

Sikusikia kitu ila vifijo. Halafu mke wangu: “Limeingia! Limeingia! Mungu si Athumani!”

“La nani?”

“La kwenu! Beki wao mwenyewe, mpira umemgonga gotini, ukaingia!”

Mbili mbili. Mpira ukaisha hivyo. Tulibaki kwenye ligi.

Nilishuka ng'ambo nikakaa chini ukutani, nikalia kama mtu aliyefiwa. Watu walipita. Labda walidhani yule mgonjwa wangu amefariki.

Jumapili yake rafiki yangu alikuja Likoni peke yake. Nilidhani amekuja kunipongeza. Alikuwa amekasirika, na mimi sijawahi kumwona amekasirika tangu ujana wetu.

“Nani alikwambia una nuksi?” akaniuliza hata kabla ya kuketi. “Nilitafuta benchi nzima nikupe mkono, naambiwa umehamishwa kama jini! Timu ile ilicheza mpira wako mwanzo mwisho. Walitufunga goli la kwanza kwa pasi ambazo vijana wangu hawazijui hata kuziota. La pili ni goti la mpumbavu wangu. Halikuwa lako wala langu.”

“Wewe ndiye uliyenifundisha habari za magoti,” nikasema.

Hakucheka. Aliniambia ameshapita kwa mwenyekiti kabla ya kuja kwangu. Amemwambia mbele ya watu kuwa ni aibu. Mwenyekiti naye, mtu muungwana, ameona haya, akasema yamekwisha, mwalimu arudi kwenye benchi lake msimu ujao, hakuna atakayemgusa. Rafiki yangu alikuwa amenipigania. Kwa maisha yake yote ya kuokota tu vitu njiani, hilo alikuwa amelitafuta mwenyewe.

“Basi,” akasema, akashusha pumzi. “Mechi ya kwanza nitakuja kutazama. Nitakaa karibu yako.”

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Wote wawili walinitazama wakingoja niseme alhamdulillahi.

“Nitawafundisha,” nikasema. “Jumatatu mpaka Ijumaa nitakuwa nao. Lakini uwanjani siji.”

“Kwani kamati si imekuruhusu?” rafiki yangu akauliza.

“Imeniruhusu.”

“Sasa ni nani anayekukataza?”

Nikampokea mke wangu sinia, nikamsogezea rafiki yangu kikombe. Akaichukua chai yake akainywa. Chai ilipokwisha hakuaga kama kawaida yake. Alinishika bega, jinsi tunavyowashika watu msibani, akatoka.