Taa ya Njano Kwenye Swichi ya Mtumba

Nilichomoa waya ambao haukuwa na tatizo lolote. Nikauchomeka tena, nikauchomoa, nikauhamishia tundu la pili, kisha la tatu, huku nimekunja uso kama fundi. Hivyo ndivyo elimu yangu ya kidato cha nne ilivyofanya kazi.

Miaka ile biashara ilifunguliwa kwa kila mtu, na kila mtu akafungua kitu. Mimi, ambaye hata Korogwe kwangu ni safari ya kuaga majirani, nilifungua intaneti kafe sebuleni, hapa Handeni, ili nisitoke. Kompyuta chache, na kisanduku cha kuziunganisha, yaani swichi, nilichokinunua mtumba Korogwe.

Siku hiyo alikuja mama jirani, kajifunga khanga mpya. Binti yake alikuwa kwenye kafe ya Mwanza, kampakata mtoto mbele ya kamera. Mjukuu wa kwanza, na bibi hajaona hata picha. Nikamkalisha kwenye kompyuta pekee yenye kamera, nikachomeka waya wake. Taa ya swichi ikawaka njano. Intaneti hamna. Nikangoja kidogo, kidogo sana, nikachomoa.

"Mwanangu, hicho kitu unakitengeneza au unakitekenya?"

"Nakitengeneza, mama."

Meseji ikaingia kwenye simu yake, akanipa nimsomee: Mama mko wapi, mtoto anaanza kusinzia. Hapo mikono ikawa si yangu tena. Tundu jingine, njano. Jingine, njano. Nikampigia fundi aliyeniuzia.

"Umechomoa?" akauliza.

"Kidogo tu."

"Hakuna kuchomoa kidogo, mkubwa. Ukichomeka, swichi inasikiliza kwanza, isije ikawa waya umezunguka ukarudi humo humo, mtandao mzima ukakwama. Halafu inajifunza nani yuko upande gani. Ndipo inafungua njia, taa inakuwa kijani. Kama nusu dakika hivi. Wewe kila ukichomoa, inaanza upya."

"Sasa nifanye nini?"

"Msalimie mteja. Salamu zenu za Handeni, za kuulizia mpaka mbuzi."

Kweli, muda wote ule sikuwa nimemwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiyo umeniona sasa?"

"Habari za shamba?"

"Ngedere wamemaliza mahindi."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi gani? Nina mbuzi mimi?"

Macho yangu kwenye taa, vidole vinawasha. Nikaulizia mgongo wake. Alikuwa bado anaueleza taa ilipogeuka kijani.

Picha ikaja kwa kukatikakatika. Binti huyo, na begani kwake shavu moja na sikio, usingizi mzito. Akamtikisa. Mtoto akafungua mdomo, macho hakufungua. Bibi akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, akalitazama lile sikio.

"Muache alale," akamwambia binti. Kisha akanigeukia.

"Hiyo mikono yako ingefungwa kamba tangu nilipoingia, mjukuu wangu ningemkuta macho."