Gari la Hamrokul Halivai Matambara

Shemeji yangu Hamrokul hazimi injini. Akienda kunyoa, gari linanguruma mlangoni kwa kinyozi. Akienda mazishini, maiti anaswaliwa huku gari linatetemeka nje ya ukuta na kuwatia moshi wafiwa. Mji wetu mzima wa Sherobod unajua kwa nini. Likiwa baridi linawaka mara moja, lakini likishapata moto ukalizima, haliwaki tena mpaka lipoe. Na kiangazi cha kwetu, kupoa ni jioni.

Yeye husema limepigwa jicho baya. Na nani, jamani? Nani wa kulionea wivu? Ni jeupe, refu, la enzi za Warusi, na mlango mmoja unafungwa kwa kamba. Alilipata mwaka aliozaliwa binti yake Zulhumor, akaapa mbele za watu kwamba atampeleka kwa mumewe kwa gari hilo hilo, mwenyewe akiwa kwenye usukani. Kwetu baba wa bibi harusi hubaki nyumbani akijifutia machozi kwa heshima zake. Huyu, thubutu! Aliwabembeleza wakwe mpaka wakachoka, wakakubali.

Kuliponya gari amebadilisha betri, starta, na nyaya zote. Zulia alilokuja nalo dada yangu, mkewe, siku ya harusi yao ndilo lililouzwa likageuka starta. Kitu kimoja tu hajafanya, kile ambacho kila dereva wa hapa hukifanya bila hata kufikiri: kulowesha kitambaa na kukiweka juu ya pampu ya petroli. Joto likizidi, petroli inachemka humo ndani kama maji ya chai, inageuka mvuke, na injini haiwezi kunywa mvuke. Poza pampu, basi, umemaliza. Hata mimi muuza maziwa ya mgando najua. Lakini Hamrokul anasema hizo ni mbinu za vigari vya wachovu. Gari lake halivai matambara.

Basi siku ikafika, katikati ya chilla, zile siku arobaini za joto kali ambazo hata mbwa wanabweka wamelala. Nilikaa nyuma na Zulhumor, maana mama mdogo ndiye msindikizaji. Nyuma yetu alifuata Norboy, ami yake bwana harusi, na kigari chake cha mizigo kilichojaa mito na masanduku ya bibi harusi. Safari ilikwenda vizuri mpaka kijiji cha mwisho, ambako vijana walikuwa wametega kamba barabarani kama kawaida yao, wanataka zawadi ndipo bibi harusi apite.

Hamrokul akasimama, mguu kwenye mafuta, injini ikiunguruma. Kijana mmoja akaingiza mkono dirishani kwa utani, akazima gari, akachomoa ufunguo.

"Toa zawadi, mzee, la sivyo bibi harusi ni wetu!"

"Wee! Washa hiyo! Washa!" Hamrokul alipiga kelele kama aliyeumwa na nge.

Nikawarushia leso na peremende, ufunguo ukarudi, kamba ikashushwa. Starta ikazunguka, ikazunguka. Injini kimya.

"Jicho," akasema Hamrokul. "Shemeji, leta isiriki!"

Nilikuwa nayo, majani makavu ya kufukuza jicho baya, pamoja na kikaango chake, kwa ajili ya kumfukizia bibi harusi mlangoni. Bila kuningoja akaipokonya, akaiwasha kwenye kikaango, akafungua boneti na kukipitisha kikaango chenye moto juu ya injini inayonuka petroli. Ala! Vijana walitawanyika kama kuku. Norboy alikuja mbio, akampiga mkono, kikaango kikaanguka vumbini.

"Unataka kutuchoma, mzee? Injini inalia joto, wewe unaiongezea moto! Mfereji huo hapo. Lowesha kitambaa, weka kwenye pampu, twende. Mulla wa kufungisha ndoa anangoja."

"Gari hili halivai matambara."

"Shemeji," nikamwambia, "mtoto anaiva humu ndani!"

Kweli alikuwa anaiva. Wanja ulikuwa umemtiririka mpaka kidevuni. Alijifuta, kisha akatoa leso yake kupitia dirishani.

"Chukua hii, baba. Ni kitambaa tu."

"Nyamaza, mwanangu. Wewe magari huyajui."

Zulhumor alimtazama sana. Kwetu bibi harusi hakanyagi ardhi njiani. Mguu wake wa kwanza hutua kwenye kitambaa cheupe mlangoni kwa mumewe. Mimi hapo nusura nimzabe kofi yule mwanamume mbele ya watu. Mtoto akafungua mlango, akashuka vumbini na viatu vyake vyeupe, akaenda kupanda kigari cha Norboy, katikati ya mito. Nikamfuata.

Tulikuwa tumeshafika, Zulhumor amefungishwa ndoa, jua limetua, ndipo tuliposikia honi. Gari la Hamrokul liliingia mtaani na mapambo yake yote, nyuma hakuna mtu. Akaliegesha ukutani. Hakulizima: jioni hiyo lilikuwa likikohoa, akiondoa tu mguu kwenye mafuta linazimika.

"Zima uingie, mzee, pilau inapoa," Norboy akamwita.

"Nakuja. Nakuja sasa hivi."

Ndani, bibi harusi akaanza kuwainamia wakubwa, kila mmoja akitajwa kwa jina. Lilipotajwa la baba yake, mahali pake palikuwa na godoro la kukalia, tupu. Watu wakaangaliana. Zulhumor akageuka taratibu, akainama kuelekea dirishani, kule ilikotoka ile ngurumo. Moyo uliniuma, na aliyeniuma nilimjua.

Nikachukua sahani ya pilau, nikalowesha kitambaa, nikatoka nje. Alikuwa amekaa kwenye usukani, mlango wazi, macho mekundu, mguu kwenye mafuta.

"Mwanao amekuinamia," nikamwambia. "Weka kitambaa hiki, uzime, uende ukambariki."

Akapokea sahani. Kitambaa akanirudishia.

Nikakikamua miguuni pake, nikarudi ndani.