Santuri Iliyongoja Kuitikiwa

Juzi binti yangu alinitumia kwa simu albamu mpya ya bendi moja ya Brazil, wazee wa muziki wa fanki waliokaa kimya mpaka mashabiki wao wakapata wajukuu. Sasa wamerudi na mvi zao, na tarumbeta ni zile zile. Akaniandikia: Mama, umewahi kusikia kitu kama hiki? Nilicheka peke yangu jikoni hadi chai ikamwagika. Mtoto anifunze fanki mimi, niliyezaliwa Chechelesi, Isiolo, katika nyumba ya mwimbaji? Sogea basi, rafiki yangu, nikueleze, maana mambo ya wazee kurudi na santuri sisi tuliyaona zamani.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani siku za kazi na mwimbaji siku ya Jumamosi. Ungetaka kuijua Isiolo ya miaka ya sabini, ungeitazama tu bendi yake ikipanga vyombo: mpiga ngoma Mturkana, mpiga tarumbeta Mmeru, mpiga gitaa Msomali, na baba, Mborana wa Merti. Padri mmoja aliyewahi kufanya kazi Brazil ndiye aliyewaazima santuri za kule. Maneno hawakuelewa hata moja, lakini lile gitaa zito la besi walilielewa vizuri sana. Wakalichukua, wakatia Kiborana na Kiswahili juu yake, na Jumamosi mchana ukumbi ukanuka vumbi, mafuta ya nywele na mbuzi wa kuchoma. Sijui mji mwingine ulioicheza fanki vile, na usibishane nami.

Yaliyowanyamazisha nimeyapata kwa mama, kwa kuwa siku ile nilikuwa mgongoni mwake. Nyanya, mzaa baba, aliteremka kutoka Merti juu ya lori la mifugo, na kibuyu cha maziwa ya ngamia mkononi. Akaelekezwa ukumbini. Baba alimwona amesimama mlangoni. Lakini wimbo ulikuwa katikati na watu wanaruka, basi akainua mkono kidogo, kama kusema subiri, akaendelea kuimba.

Sasa Mborana hasalimiwi kwa "habari, nzuri" na kupita. Unamuuliza amani ya watu, ya ng'ombe, ya ndama, ya kisima, na kila ukiuliza unanyamaza hadi ujibiwe. Mama yako mzazi ndiye usiyemwambia subiri kabisa. Wimbo ulipoisha, kibuyu kilikuwa mlangoni peke yake. Nyanya alishapanda lori lililokuwa likirudi, na safari iliyofuata dereva akaleta neno lake moja: "Mwambie sauti yake nimeisikia. Yangu hajaiuliza."

Baba alienda Merti mara tatu. Alipewa chakula na mahali pa kulala, lakini kila akisalimu, nyanya hakumwitikia. Mama alikuwa akisema radhi ni bora kuliko mali, na baba alikuwa amekosa radhi. Akaacha kuimba. Bila mwimbaji bendi ikafa, mpiga ngoma akaenda kulima shamba huko Burat, na utoto wangu mwingi ukapita katika nyumba ambayo redio ilizimwa muziki ukianza. Shuleni nikisema baba yangu alikuwa mwanamuziki, wenzangu walinicheka. Niliumia, sikufichi.

Nilikuwa na kama miaka kumi mpiga ngoma alipokuja kwetu na kueleza kwamba studio moja Nairobi imekubali kuwarekodi, siku moja tu. Baba aliendelea kushona. Alipofika mwisho wa mshono akasema atarudi, mradi wimbo wa kwanza uwe wake. Akautunga palepale kazini, mguu kwenye kanyagio la cherehani ukishika mapigo. Mama alijifanya hasikii, lakini ugali aliusonga kwa mapigo yale yale.

Ya studio mpiga ngoma aliyasimulia hadi kufa kwake. Wimbo ulianza kwa besi ile ya Brazil, kisha vyombo vyote vikanyamaza na baba akauliza, "Nagaa?" yaani kuna amani? Halafu kimya, kiasi cha mzee kuvuta pumzi na kujibu. Besi tena, swali tena, kimya tena, mara tano. Bwana wa mitambo akawasimamisha, akasema atayaondoa matundu yale, la sivyo wimbo hautaenea kwenye santuri.

Mpiga ngoma akamjibu, "Kata mwisho. Watu yetu huwezi uliza hali halafu ufunge wao mdomo."

Ndivyo wimbo ulivyotoka, umekatika katikati ya tarumbeta. Redio iliupiga mara moja, na mtangazaji akawaomba wasikilizaji radhi kwa santuri mbovu. Lakini Isiolo! Madukani wanawake walinunua sukari huku wakiiitikia santuri, kwenye hoteli wazee waliweka vikombe chini ili wajibu. Mimi nilitembea kifua mbele, na waliokuwa wakinicheka walitaka tukae dawati moja.

Baba mwenyewe aliogopa kuipeleka Merti. Shule zilipofungwa tulienda mama na mimi, gramafoni ya betri imefungwa kwa leso mapajani mwake. Nyanya macho yalishafifia. Alituitikia sisi, akatumiminia maziwa. Mama akaweka sindano bila kusema neno.

Besi ilipoanza mbuzi walikimbia. "Nagaa?" baba akauliza. Nyanya kimya. Ng'ombe je? Kimya. Ndama? Kisima? Kimya. Swali la tano lilikuwa lake peke yake: mama, wewe mwenyewe una amani? Tukasikia sindano tu ikikwaruza.

"Nagaa," nyanya akasema. Kisha akanigusa bega. "Rudisha mwanzo. Kuna mengine sijamjibu."

Akaanza kuyajibu yote, ng'ombe mmoja mmoja, na matundu hayakumtosha; tarumbeta ilimkuta bado yuko kwenye ndama.

Ukumbi ule siku hizi ni ghala. Baba, nyanya na mpiga ngoma wote wako udongoni, na santuri imepasuka. Nyimbo zinanijia simuni kwa maelfu na hakuna hata mmoja unaoniuliza hali. Lakini nina fahari na wale watu kuliko ninavyoweza kusema, maana mama alimtumia baba habari, nami niliiona siku alipoteremka Merti kutoka kwenye lori lililofuata. Alisimama mbele ya boma, kofia mkononi, na kabla hajafungua mdomo nyanya akamtangulia.

"Nagaa?"

Mwimbaji wa Isiolo nzima akakosa sauti. Hatukumharakisha. Tulinyamaza sote, tukamngoja ajibu.